Jinsi ya Kutathmini na Kuboresha Uendeshaji wa Uchaguzi Katika Kata za Lindi na Mtwara

Tathmini ya uendeshaji wa uchaguzi ina msimu wake, kama ulivyo uokotaji wa korosho. Ikifanyika wiki moja baada ya matokeo kutangazwa, kila jibu utakalopewa litahusu nani ameshinda na nani ameshindwa. Ikisubiri miaka mitatu, msimamizi wa kituo atakuwa amehamishwa, wakala atakuwa amesahau saa aliyotia saini fomu, na karatasi ya matokeo iliyobandikwa kwenye mlango wa darasa itakuwa imeliwa na mchwa. Nashauri kazi ianze mwezi wa tatu au wa nne baada ya uchaguzi na imalizike kabla mwaka haujatimia, kumbukumbu zikiwa bado mbichi na hasira zikiwa zimepoa kiasi cha watu wa vyama tofauti kuweza kukaa mkeka mmoja.

Mwongozo huu ni wa watu wa kata na halmashauri: watendaji, viongozi wa vyama wa ngazi hiyo, asasi za kiraia, walimu waliowahi kusimamia vituo, na mwananchi yeyote anayetaka uchaguzi ujao uendeshwe vizuri kuliko uliopita. Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 29, 2025 uliiachia nchi majonzi makubwa. Maandamano, vifo na kukatika kwa intaneti ni mambo yanayostahili uchunguzi wa kina kuliko uwezo wa kamati ya kata, nami sitaki mtu yeyote atumie mwongozo huu kama mbadala wa uchunguzi huo. Hata hivyo, imani ya mwananchi kwa uchaguzi hujengwa au hubomoka pia katika mambo anayoyaona kwa macho yake: foleni, daftari, sanduku, fomu. Hayo yako karibu nasi, na tunaweza kuyapima wenyewe.

Kwanza, jueni nani mwenye mamlaka ya jambo gani

Mapendekezo mengi mazuri hufia njiani kwa sababu yamepelekwa kwa asiyehusika. Uchaguzi wa Rais, wabunge na madiwani husimamiwa na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, ambayo ilianzishwa mwaka 1993 kwa jina la Tume ya Taifa ya Uchaguzi na kupata jina lake la sasa kwa sheria ya mwaka 2024. Mwaka huohuo ilitungwa pia Sheria ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani. Uchaguzi wa wenyeviti wa vijiji, vitongoji na mitaa wa Novemba 27, 2024, kwa upande wake, ulisimamiwa na Ofisi ya Rais, TAMISEMI, kwa kanuni zake na kwa orodha yake ya wapiga kura, iliyoandikwa upya kati ya Oktoba 11 na 20 mwaka huo.

Tofauti hiyo ya madaftari mawili ndiyo chanzo cha malalamiko mengi ambayo watu huyachukulia kuwa hujuma. Mwananchi aliyeandikwa kitongojini mwezi Oktoba 2024 aliamini kwamba jina lake limeingia kila mahali, kumbe Daftari la Kudumu la Wapiga Kura lilikuwa na zoezi lake, lenye mashine za bayometriki (za kuchukua picha na alama za vidole) na kadi, lililoendeshwa kwa siku saba tu katika kila eneo. Kwa hiyo mtu akiwaambia, “Nilijiandikisha lakini jina halikuonekana,” msikimbilie kuandika kwamba jina limefutwa. Muulizeni alijiandikisha wapi, mwezi gani, na kama alipigwa picha na kupewa kadi. Baada ya majibu hayo mtajua kama kasoro ni ya daftari au ni ya elimu ya mpiga kura, na dawa za kasoro hizo mbili hazifanani hata kidogo.

Yapo pia mambo yaliyo juu ya uwezo wa Tume yenyewe. Kwamba matokeo ya urais yakishatangazwa hayahojiwi mahakamani ni suala la Ibara ya 41 ya Katiba. Kwamba mipaka ya majimbo ipitiwe angalau kila baada ya miaka kumi ni suala la Ibara ya 75. Yaandikeni, kwa kuwa mna haki ya kuyasema, lakini yawekeni katika sura ya peke yake inayoelekezwa kwa wabunge wenu, ili pendekezo la kupata taa ya kuhesabia kura lisisubiri mabadiliko ya Katiba.

Kamati ndogo, yenye watu wanaotofautiana

Watu saba hadi tisa wanatosha. Wawepo waliowahi kusimamia kituo, mawakala wa angalau vyama viwili vinavyoshindana, mtu mwenye ulemavu, mama anayelima mbali na kijiji na, kwa kata za pwani, mvuvi anayelala dago, yaani kambi ya muda ya wavuvi. Mtendaji wa kata asaidie kupata takwimu na ukumbi, lakini asiwe mwenyekiti, kwa sababu mara nyingi yeye mwenyewe huwa amefanya kazi katika uchaguzi unaopimwa. Asasi inayotaka kuwa ndani ya vituo siku ya kura au kutoa elimu ya mpiga kura lazima iombe kibali cha Tume mapema. Tathmini ya baada ya uchaguzi ni kazi ya kuhoji na kupima, lakini hata hiyo ni vema kuitolea taarifa kwa ofisi ya kata na ya wilaya kwa maandishi, ili msije mkazuiwa njiani.

Fuateni safari ya mpiga kura, kuanzia mlangoni kwake

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi kuliko pengine pote. Chagueni vitongoji vitatu: kimoja kilicho karibu na kituo, kimoja cha wastani, na kile cha mwisho kabisa katika kata. Tembeeni kwa miguu kutoka katikati ya kila kitongoji hadi kituoni, mkiandika saa ya kuondoka na ya kufika, mito na makorongo mliyovuka, na nauli ya bodaboda kwa siku ya kawaida. Msiridhike na kilomita zilizoandikwa ofisini. Mkoa wa Lindi una eneo karibu mara nne ya Mtwara, lakini katika sensa ya 2022 ulikuwa na watu 1,194,028 dhidi ya 1,634,947 wa Mtwara. Kwa hiyo kituo kinachoonekana kiko karibu kwenye ramani ya Newala, ambako vijiji vimesongamana juu ya uwanda wa Makonde, kinaweza kuwa safari ya nusu siku huko Liwale.

Kisha ulizeni watu walikuwa wapi siku hiyo. Uchaguzi mkuu hufanyika mwishoni mwa Oktoba, na Oktoba katika mikoa yetu ni mwezi wa korosho. Familia nzima huhamia shambani, wengine mwendo wa saa kadhaa kutoka kijijini, kwa sababu korosho ikidondoka na kulala chini mvua za kwanza zikaikuta, daraja lake hushuka na mnadani bei huanguka. Mwaka 2005 upigaji kura wa uchaguzi mkuu ulisogezwa hadi Desemba 14 kutokana na kifo cha mgombea mwenza wa chama kimoja, jambo linaloonyesha kwamba tarehe si jiwe. Lakini kuibadilisha ni uamuzi wa kitaifa. Kilicho ndani ya uwezo wa pendekezo la kata ni kwamba kituo cha kujiandikisha na cha kupigia kura kisogezwe karibu na makazi ya msimu, au matangazo yatolewe kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika siku za mnada, mahali ambapo mkulima hufika hata kama hajafika ofisi ya kijiji kwa miezi miwili.

Kwa wavuvi hesabu ni ngumu zaidi. Mtu wa Kilwa anaweza kuwa amejiandikisha kwao, akawa dago miezi minne katika wilaya nyingine, na kisiwa kama Songosongo hutegemea chombo cha baharini kwa watu na kwa masanduku vilevile. Wahojini hao kwa idadi: wangapi dagoni walikuwa na kadi, wangapi walijua kwamba taarifa zinaweza kuhamishwa wakati wa uboreshaji, wangapi walihamisha. Sheria inataka Daftari liboreshwe mara mbili kati ya uchaguzi mkuu mmoja na mwingine, kwa hiyo mna nafasi mbili za kuhakikisha kwamba mashine ya kuandikisha inapita dagoni wakati watu wapo.

Suala la majina linahitaji uangalifu ambao watu wa nje ya mikoa yetu hawaufikirii. Kwa Wamakonde, Wayao na Wamakua, kijana anayetoka jandoni au binti anayetoka unyagoni hupewa jina jipya, na la utotoni huachwa hata kulitamka ikawa ni utovu wa adabu. Mtu huyo anaweza kuwa na jina moja kwenye cheti cha kuzaliwa, jingine shuleni, na la tatu ndilo analojulikana kitongojini. Ongezeni hapo tahajia: mwandishi mmoja anaandika “Nn”, mwingine “Mn”, wa tatu anaacha kabisa. Niliwahi kumwona bibi mmoja akirudishwa mlangoni mara mbili kwa sababu karani alikuwa akilitafuta jina lake kwenye herufi asiyoandikiwa. Aliokolewa na mjukuu aliyekumbuka jinsi lilivyotamkwa siku ya kujiandikisha. Bibi yule alikuwa ametembea tangu alfajiri, na mpaka leo najiuliza wangapi hawakuwa na mjukuu pembeni. Pendekezo linalotokana na hali hii ni jepesi: daftari la awali linapobandikwa wazi kwa ukaguzi, lisomwe pia kwa sauti katika mkutano wa kitongoji, na karani mwongozaji wa kituo awe mtu anayeyajua majina ya mahali hapo.

Malizeni safari hiyo ndani ya kituo. Angalieni kama kituturi, yaani kibanda cha kupigia kura, kinamficha mpiga kura kweli, kama ngazi za darasa zinapitika kwa kiti cha magurudumu, kama jalada la nukta nundu kwa wasioona lilikuwapo na msimamizi alijua kulitumia, kama wazee, wajawazito na wanaonyonyesha walitangulizwa bila kuomba. Mambo haya hupimwa kwa nusu saa na mtu mmoja mwenye kalamu.

Fuateni safari ya fomu, kuanzia jioni

Vituo hufungwa saa kumi jioni, na kura huhesabiwa papo hapo kituoni. Kwa hiyo sehemu nyeti kuliko zote hufanyika usiku, na watu waliochoka, wengi wao wakiwa hawajala tangu asubuhi. Nimewahi kuhesabu kura kwa mwanga wa simu tatu zilizoegemezwa kwenye chupa za maji, taa tuliyopewa ikiwa imezimika kabla ya saa mbili usiku. Hatukukosea hesabu usiku ule, lakini tulilazimika kurudia mara tatu, na kila tuliporudia wakala mmoja aliamini kwamba kuna kinachofichwa. Taa na betri za akiba ziwe mstari wa kwanza katika orodha yenu ya vifaa.

Kisha fuatilieni fomu za matokeo za kituo, yaani 21A ya urais, 21B ya ubunge na 21C ya udiwani, katika kila hatua. Nani alizijaza? Mawakala wangapi walisaini, na aliyekataa aliandika sababu? Kila wakala aliondoka na nakala? Nakala ilibandikwa ukutani saa ngapi, na ilikuwapo bado kulipokucha? Sanduku na bahasha vilisafirishwa na gari gani hadi kituo cha kujumlishia, nani alisindikiza, na namba za lakiri, yaani vifungo vya usalama vya sanduku, zililinganishwa wakati wa kupokea? Kwa kila swali andikeni jibu la watu wawili wasiokuwa wa upande mmoja. Wakitofautiana, andikeni majibu yote mawili bila kuamua.

Msidhani haya ni mambo madogo ya makarani. Februari 2020 mahakama ya Malawi, majirani zetu wa ng’ambo ya Ziwa Nyasa, ilibatilisha uchaguzi wa urais wa Mei 2019, na moja ya kasoro zilizotajwa ilikuwa fomu za matokeo zilizosahihishwa kwa wino mweupe wa kufutia. Wananchi wakarudi kupiga kura Juni 23, 2020. Nchini Kenya, Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa urais Septemba 1, 2017, na upitishaji wa matokeo kutoka vituoni ulikuwa kiini cha shauri hilo. Kenya ilijifunza: katika uchaguzi wa 2022 picha za fomu za vituo, zaidi ya 46,000, ziliwekwa kwenye tovuti, na raia yeyote aliweza kujumlisha mwenyewe. Mabishano hayakwisha, lakini mwenye shaka alikuwa na kitu cha kushika mkononi.

Hilo ndilo pendekezo ambalo ningependa kila kata ya Kusini iliandike: picha ya kila fomu ya kituo iwekwe wazi kwa umma, jimbo kwa jimbo. Linaanza na kalamu, karatasi na kamera ya simu, navyo tayari viko kijijini.

Watu wanaoendesha uchaguzi

Swali la nani awe msimamizi wa uchaguzi wa jimbo limefika mbali. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilisema si halali kikatiba kuwatumia wakurugenzi wa halmashauri. Mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo. Mwaka 2023 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ikatoa hukumu yake kuhusu suala hilohilo, ikiona kwamba utaratibu ule haukutoa uhakika wa kutosha wa uhuru wa Tume. Kamati ya kata haiwezi kulimaliza, ila inaweza kuulizia yanayoonekana: nafasi za wasimamizi wa vituo zilitangazwa wapi, usaili ulifanyika, mafunzo yalichukua siku ngapi, na waliofunzwa walijaza fomu ya mfano kwa mikono yao au walisomewa tu. Ukiwauliza waliofanya kazi hiyo, karibu wote watakuambia kwamba siku moja ya kujaza fomu za mazoezi inafaa kuliko siku mbili za hotuba.

Mitambo mipya: iulizeni maswali kabla ya kuiombea fedha

Neno “kisasa” huwafanya wengi wafikirie mashine. Tanzania imekwishapiga hatua: daftari la kudumu lilianza mwaka 2004, likaingia kwenye bayometriki kuelekea 2015, na uboreshaji ulioanza Julai 2024 ulimruhusu mpiga kura aliyemo daftarini kuanzisha marekebisho ya taarifa zake kwa mtandao. Hata hivyo, kila mtambo unaopendekezwa upimwe kwa kasoro iliyokwisha kuandikwa na kamati. Kama kasoro ni umbali, mashine ya kupigia kura haitaufupisha. Kama kasoro ni majina, programu ya kutafuta yenye kukubali tahajia tofauti inaweza kusaidia sana.

Namibia ilipiga kura kwa mashine za kielektroniki mwaka 2014, ikiwa ya kwanza barani Afrika. Mwaka 2020 mahakama ya juu ya nchi hiyo ikaamua kwamba mashine zisizoacha ushahidi wa karatasi hazikidhi sheria, na nchi ikarudi kwenye karatasi. Kwa hiyo swali la kwanza liwe: mtambo ukishindwa, kuna karatasi ya kuhesabu upya? Swali la pili: intaneti ikikatika, kazi itaendelea? Baada ya Oktoba 29, 2025 hakuna Mtanzania anayeweza kuliita swali hilo la kinadharia. La tatu: umeme na barabara. Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, barabara ya kutoka Dar es Salaam kuja Lindi ilikatika maeneo ya Somanga, na mikoa yetu ikabaki kutengwa kwa siku kadhaa. Mtambo unaohitaji fundi kutoka Dar es Salaam siku ya kupiga kura ni mtambo usiofaa kwetu. Tukumbuke kwamba mwaka 1995, katika uchaguzi mkuu wa kwanza baada ya mfumo wa vyama vingi kurejeshwa, kura za majimbo ya Dar es Salaam yenyewe zilirudiwa kwa sababu vifaa vilichelewa, na huko hakuna mto wa kuvuka kwa mtumbwi. La nne: alama za vidole na picha za watu wetu zinatunzwa na nani? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mwananchi haki ya kuuliza hivyo.

Kuandika mapendekezo yatakayofanyiwa kazi

Pendekezo moja liwe aya moja. Liseme kasoro, ushahidi wake kwa idadi, anayeweza kuirekebisha, gharama ya kukadiria, na tarehe ambayo mtarudi kuuliza. Badala ya kuandika “vituo viko mbali”, andikeni kwa mtindo huu: “Kutoka kitongoji cha mwisho hadi kituoni ni saa mbili na dakika kumi kwa miguu, tumetembea mara mbili, wapiga kura tuliowahoji huko ni arobaini, kumi na wanne hawakupiga kura, na kumi na mmoja kati yao walitaja umbali, tunaomba kituo kipya katika shule shikizi iliyopo, kabla ya uboreshaji ujao wa Daftari.” Idadi hizo ni mfano wa uandishi tu; za kwenu zitoke kwenye daftari lenu la mahojiano. Mapendekezo yasizidi kumi na mbili. Nimeona taarifa zenye mapendekezo sitini, na sikumbuki hata moja lililotekelezwa.

Kabla ya kuipeleka, isomeni taarifa yote mbele ya mkutano wa hadhara wa kata, na kila chama kipewe nafasi ya kusahihisha ukweli uliokosewa. Kisha chapeni nakala nne: moja kwa msimamizi wa uchaguzi wa jimbo, moja kwa Tume, moja kwa mbunge, na moja ibaki ofisi ya kata pamoja na daftari la mahojiano, majina ya waliohojiwa yakiwa yamefichwa. Ombeni mhuri wa kupokelewa na tarehe kwenye nakala yenu. Daftari la awali litakapobandikwa tena, nendeni kwanza kwenye kile kitongoji cha mwisho mlichokitembelea kwa miguu, mkaanze kusoma majina huko.